Kabla hujanunua chombo cha kuishi, kiangalie tezini

Usiku ule maji yalikuwa yakitoka kwa kasi katika hori ya Kilifi, mkono wa bahari unaoingia bara, kaskazi nayo inayapiga kutoka baharini, na mimi nimesimama kihorini, kile kiboti kidogo cha kufikia boti kubwa, na mwanangu wa miaka miwili begani. Ukingo wa boti yetu ulinifika kifuani. Mume wangu yuko juu amelala kifudifudi, amenyosha mikono. Kihori kinapanda, kinashuka, kinagonga ubavu wa boti na kurudi nyuma. Mara tatu tulijaribu tukashindwa. Ya nne akamdaka mtoto kwa fulana. Dumu la maji la lita 20 tuliliacha kihorini mpaka kulipokucha.

Sikulala. Nilikuwa nawaza siku tuliyoinunua boti ile tuliangalia nini. Tuliangalia mlingoti, tukakunjua matanga yote, tukawasha injini, tukaigonga faiba kwa kipini cha bisibisi kutoka omo, yaani mbele, mpaka nyuma. Tezi, yaani nyuma ya chombo, tuliisifia uzuri tu. Ilikuwa ya ncha, imechongoka kama omo, na usukani umening'inia nje kwa bawaba. Ukiitazama kwa mbali jua linapotua, unapenda.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na utotoni nimepanda sana jahazi la mjomba. Kwa hiyo tofauti ya tezi haikuwa ngeni kwangu. Pwani yetu inazo zote mbili tangu zamani: dau lina ncha mbele na nyuma, na mtepe wa kushonwa kwa kamba za nazi ulikuwa hivyo hivyo, lakini mashua na jahazi tezi yake imekatwa, bapa. Hata vyombo vilivyokuja na kaskazi kutoka Ghuba vilikuwa na mgawanyo huo. Bumu lina ncha pande zote, sambuku limekatwa nyuma, na bagala, lile la fahari, lilikuwa na tezi pana ya nakshi na madirisha. Katika jahazi la mjomba, huko nyuma ndiko yalikokuwa maisha. Nahodha alilala huko, mikeka ilitandikwa huko, na choo kilikuwa kisanduku kilichotokeza nje ya tezi, juu ya maji. Omo ilikuwa ya kazi na mawimbi. Ukitaka nyumba, nenda tezini.

Hilo nililijua tangu mtoto, na bado sikulikumbuka siku ya kutoa pesa. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na uani nyuma, na kila mwanamke anajua kazi ya nyumba inafanyika uani. Chombo cha kuishi kiko vivyo hivyo. Tezi ndiyo uani. Hapo utaoga, utafua, utaparua samaki, utapokea maji na mkaa na gesi, utamtoa mtoto na kumwingiza. Chombo kisicho na uani utakichoka, hata kiwe imara namna gani baharini.

Nisiionee tezi ya ncha, maana sifa zake ni za kweli. Mnorwe Colin Archer alijenga boti za uokoaji za namna hiyo, ya kwanza mwaka 1893, zikaenda kuwatafuta wavuvi katika bahari ambayo wengine walikuwa wanaikimbia. Suhaili, boti ya Robin Knox-Johnston aliyoizungukia dunia peke yake bila kutia nanga bandarini, mwaka 1968 hadi 1969, ilikuwa na tezi ya ncha, na ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji. Mume wangu alizijua habari hizi zote kabla hatujaona boti yoyote ya kununua. Na siku tuliyoitoa Tanga kuileta Kilifi, kusi iko nyuma yetu na mkondo unatusukuma kaskazini, ilinikosha moyo. Wimbi lilikuja, likagawanyika nyuma, likapita kulia na kushoto bila kutusukuma upande. Ni safari ya karibu maili 100 za baharini, na nilipika wali njiani bila kumwaga.

Lakini safari ile ilichukua chini ya siku moja. Kilifi tulikaa kwenye nanga miezi kumi na mmoja mfululizo. Huo ndio uwiano ninaotaka uuzingatie: anayeishi chomboni, siku zake nyingi ni za nanga.

Na kwenye nanga tezi ya ncha inakunyima nafasi. Mwili wa boti unaanza kusinyaa mapema, kwa hiyo pa kukaa nyuma ni pembamba, feuli, pa kuwekea vitu, ni ndogo, na chumba cha kulala nyuma hakuna kabisa. Boti yetu ilikuwa ya futi 30, lakini ukihesabu mahali pa kuishi ulikuwa nyumbani mwa futi 26. Tena haivumilii mzigo. Tuliweka madumu mawili ya dizeli nyuma, betri, na kihori cha mpira kilichokunjwa, basi tezi ikazama vidole vinne na omo ikatazama mbingu. Pa kufunga vyuma vya kukinyanyulia kihori hapakuwepo. Pa kuweka ngazi pia, kwa sababu usukani umekaa palepale kwenye ncha. Ikabidi ngazi iende ubavuni, na ubavuni chombo kinayumba.

Jambo moja tu la kila siku nililipenda mno, nalo ni usukani wenyewe. Bawaba ya chini ilipolika, tulipweleza boti kwenye mchanga siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakapwa, fundi akaja kwa miguu. Aliitoa, akaenda nayo kwenye karakana yake, akarudi na mpya kabla maji hayajajaa. Usukani uliofichwa chini ya boti, wenye mhimili unaopita ndani ya mwili wa chombo, huwezi kuufanyia hivyo.

Boti ya pili ilikuwa ya futi 36, na tezi yake ni ya vidato. Imekatwa kwa mteremko, na ndani ya ule mteremko kuna ngazi pana mbili zinazoshuka mpaka kwenye kibaraza kidogo, shubiri moja hivi juu ya maji. Zilianza kuenea miaka ya 1980 na sasa ziko kila bandari. Siku ya kwanza nilifika na kihori, nikaweka dumu kibarazani, nikamweka mtoto, nikapanda. Nilikaa pale nikalia kidogo. Miezi kumi na mmoja nilikuwa nimedhani ni mimi nisiyeyaweza maisha ya majini.

Kibaraza kile kimekuwa kila kitu. Mtoto anaogeshwa hapo kwa ndoo, samaki wanaparuliwa hapo na magamba yanakwenda na maji, nguo zinasuuzwa kwanza hapo. Mchanga wa miguuni unaishia hapo. Kubwa kuliko yote, mtu akianguka baharini ana mahali pa kupandia. Mtu aliyelowa, amechoka, nguo zimemganda mwilini, hawezi kujivuta juu ya ubavu wa futi tatu. Sijali wewe ni hodari namna gani. Jaribu siku moja na suruali ndefu, ndipo uzungumze.

Kelele sasa. Hili wauzaji hawalisemi, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu lilitunyima usingizi. Katika hori yenye mkondo, boti hailali kwa upepo peke yake. Maji yakitoka, omo inatazama bara na tezi inatazama bahari, na kaskazi ikivuma inaleta viwimbi vidogo moja kwa moja chini ya tezi. Tezi ya ncha inavipasua kimya. Tezi pana, bapa kwa chini, inavipiga kama kofi. Pa. Pa. Kimya. Pa. Kitanda chetu kilikuwa juu ya sehemu hiyo hasa, na bamvua ikiangukia usiku, tulikuwa tunahamia sebuleni na magodoro. Wiki ya maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, raha. Tulijaribu kutia nanga ya pili nyuma ili kuigeuza boti, ikafaa kiasi, lakini jirani wote wanageuka na mkondo na wewe umekaa pale pale, basi inakubidi uwe mbali nao. Sasa tunalala chumba cha omo, na cha nyuma kimekuwa cha mtoto, ambaye hasikii hata radi.

Kihori nacho hupenda kuingia chini ya kibaraza maji yakipinduka, kikagonga usiku kucha. Kifunge ubavuni, au bora zaidi kinyanyue kabisa. Ukikinyanyua umemzuia na mwizi, kwa maana kibaraza kinachokurahisishia wewe kupanda kinamrahisishia na yeye. Ngazi yetu inapandishwa kila usiku kabla ya kulala, kama mtu anavyotia komeo.

Baharini, wimbi likitoka nyuma linapanda vile vidato na kulowesha miguu. Limetufika mara mbili tu, na maji yakatoka yenyewe. Boti hii pia ina mwendo zaidi. Kasi ya boti nzito ya tanga inafungwa na urefu wake pale inapogusa maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, zidisha kwa 1.34. Ile ya kwanza, futi 25 majini, ilikomea kama maili 6.7 za baharini kwa saa. Hii yenye futi 30 inafika 7.3. Si tofauti ya kukufanya ununue boti.

Boti mpya za kisasa nimezijua kwa kufanya kazi, si kwa kuzimiliki. Nilipikia wageni wiki sita katika boti moja ya futi 45, kutoka Unguja mpaka Mafia na kurudi. Tezi yake ilikuwa pana kama tumbo lake, na ukuta wote wa nyuma unashuka kwa kamba na kuwa jukwaa. Nilipewa mahali pa kuogea, kuchomea samaki na kulala mchana, panapozidi chumba changu cha kwanza Tanga. Vyumba viwili vya kulala nyuma, kila kimoja na dirisha. Ukiwa na pesa na unakaa kwenye nanga tulivu, sikukatazi.

Ila angalia mambo haya. Tezi pana namna ile, boti ikilala upande, usukani mmoja wa katikati unatoka majini, ndiyo maana wanaweka miwili. Miwili hiyo iko wazi, hailindwi na mkuku, ule uti wa chini ya boti, kwa hiyo habari ya kupweleza sahau, na pwani hii ambayo maji ya bamvua yanapanda na kushuka hata mita nne, kutoweza kupweleza ni gharama ya kweli. Ule mlango ukifungwa una mpira wa kuzuia maji, na mpira unakauka kwa jua letu. Na ukifunguliwa hakuna kitu kati ya mtoto na bahari. Kama ningekuwa na mwanangu mle, nisingeweza kukoroga chungu bila kugeuka nyuma kila mara.

Zipo na zile za zamani zenye tezi ndefu iliyoning'inia juu ya maji. Nzuri kwa macho, zinapiga kofi kama zile pana, na ndani hakuna kitu. Zipo pia boti za miaka ya 1970 zilizobanwa nyuma ili kufuata kanuni za mashindano za wakati ule. Zinauzwa rahisi. Upepo ukiwa wa nyuma zinayumba mpaka sufuria zinaruka, na tezi yao ni nyembamba kama ya ncha bila kuwa na upole wa ncha.

Basi ukienda kuangalia boti, usipandie gatini. Omba kihori, beba dumu lililojaa, na upande nalo mwenyewe. Shuka majini na nguo zako, uone kama unaweza kuiteremsha ngazi ukiwa chini, bila mtu wa juu, nyingi haziteremki. Yetu tuliifungia kamba fupi inayofika majini, tukaongeza vidato mpaka vikawa vinne chini ya maji, kwa kuwa viwili havimtoshi aliyechoka. Na omba kulala usiku mmoja chumba cha nyuma. Uchague usiku wa bamvua.

Ile ya ncha tuliiuza kwa kijana mmoja asiye na mtoto, anayesafiri peke yake kila msimu. Naiona mara kwa mara ikipita mlangoni mwa hori na kusi nyuma yake, imetulia juu ya wimbi. Mume wangu husimama kibarazani akaiangalia mpaka ipotee.