Presha ya Mzee Ipimwe na Usiku

Msomaji mmoja ametuma picha ya daftari la kliniki la babake, mzee wa miaka 74. Presha haijawahi kupita 132 kwa 82, ila kipimo cha moyo kimeonyesha misuli ya upande wa kushoto imenenepa, jambo ambalo presha ya juu ya muda mrefu huleta. Anauliza: mashine ya presha inadanganya? Haidanganyi. Namba zote za daftari hilo ni za asubuhi, na hakuna aliyeuliza presha ya mzee inafika wapi saa 8 usiku.

Mtu akilala, presha inatakiwa ishuke kwa asilimia 10 hadi 20 ya wastani wake wa mchana. Mwenye namba ya juu ya 130 mchana, usingizini tunamtarajia kati ya 104 na 117. Akibaki 127, ameshuka kwa asilimia 2 na kidogo tu. Mchana kafaulu, kwa kuwa kwenye kifaa cha kuvaa, kinachopima presha mchana na usiku, kikomo cha mchana ni 135 kwa 85. Usiku kaanguka, maana kikomo cha usiku ni 120 kwa 70. Wako pia ambao presha hupanda wakilala, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi kuhusu kiharusi na moyo kushindwa kazi.

Kwa hiyo kwenye kliniki ya moyo usiombe tu "kupimwa presha". Uliza kama wanacho kifaa cha kuvaa saa 24. Hupima kila baada ya dakika 15 hadi 30 mchana, na 30 hadi 60 usiku. Mkanda ufungwe mkono ambao mzee hautumii sana, na uwe saizi yake: ukiwa mdogo, namba hupanda bure. Kikianza kujaa upepo, anyooshe mkono atulie. Aandike saa aliyolala, aliyoamka, aliyomeza dawa, na kila alipokwenda msalani. Bila karatasi hiyo, daktari atahesabu saa za kukaa macho kama usingizi. Majibu yakitoka, tazama wastani wa usiku kwanza.

Kama hakuna kifaa hicho, mashine ya nyumbani itasaidia kiasi. Apime asubuhi akishakojoa, kabla ya dawa na chai, na tena kabla ya kulala, mara mbili kila wakati, kwa siku 7. Asubuhi ikizidi 135 kwa 85 mara kwa mara ilhali kliniki ni shwari, huenda usiku una jambo.

Chanzo cha presha kutoshuka usiku mara nyingi ni figo, kisukari, au kukoroma kunakokatika ghafla kisha mzee anashtuka akitafuta hewa. Huko kukoroma mmezoea kukucheka sebuleni, mwambieni daktari. Kisha kuna chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hapo mchuzi mix, sosi na chumvi ya pembeni ya nyama choma zimo. Dawa za maumivu zinazochemka kwenye glasi ya maji nazo zina sodiamu. Diklofenaki ya mgongo inayonunuliwa kemisti bila kuuliza huzuia maji mwilini, ikapandisha presha na kuumiza figo. Mnaonunulia wazazi vidonge hivyo kwa kujali, acheni.

Na tafadhali, msihamishe dawa zote kwenda usiku kwa sababu jirani kasema. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mishtuko ya moyo wala kiharusi kati ya kumeza asubuhi na kumeza jioni. Dawa ya kukojoa ikimezwa saa 3 usiku itamwamsha mzee gizani, na huko ndiko nyonga huvunjikia.

Kabla dozi haijaongezwa, mpimeni akiwa amelala chali dakika 5, kisha akisimama: baada ya dakika 1, na tena baada ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, daktari aambiwe siku hiyohiyo. Mpaka atakapoamua, mzee aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kuinuka, taa ikiwa imewashwa.