Barakoa usoni, ndala miguuni

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Dada, panya wamejaa ghalani kwetu, nanunua barakoa ipi?" Ujumbe huo umenirudisha Julai 2022, maana nami nilianzia hapohapo, kwenye barakoa.

Mnakumbuka ilivyokuwa huku Ruangwa, mkoani Lindi. Watu wa Mbekenyera wanatokwa damu puani, kichwa kinagonga, mwili umeisha nguvu. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vikaja havina kitu. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu wamefariki Wizara ya Afya ilipotutangazia kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na panya na wanyama wengine. Mimi nilishanunua boksi zima la barakoa. Nilivaa sokoni, nilivaa kisimani, na asiyevaa nilimsema.

Kisha nikashuka bondeni kumwagilia mchicha nimevaa ndala. Kidole gumba kilikuwa na kidonda cha jembe, kitambaa kimelegea, maji ya dimbwi yanaingia. Mjomba akanitazama mguu, akaniuliza taratibu, "Mpwa wangu, huo ugonjwa unaingilia puani tu?" Nilimjibu ovyo mbele ya wanawe. Hadi leo jibu lile linaniuma.

Bakteria wa mgunda hukaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia kwenye maji na tope, halafu mwilini kupitia michubuko, macho, pua au mdomo. Nilichohitaji ni mabuti ya mpira, glovu, na kidonda kufungwa vizuri. Vyote vilikuwa stoo! Ni vilevile vya kupulizia mikorosho salfa, na nyumba nyingi za huku zinavyo. Tunavitunza visichakae huku ngozi zetu ziko wazi.

Nilipoanza kuvaa mabuti bondeni walinicheka, "Bibi shamba huyo!" Sikuyavua. Msimu uliofuata wawili kati yao walikuja kuyaazima, na nilifurahi kuwapa.

Jamani, ugonjwa ukiingia, ulizeni kwanza unapitia wapi. Korona ni hewa, funika pua na mdomo. Kipindupindu ni maji na chakula, nawa kwa sabuni, chemsha maji. Mgunda ni ngozi na maji machafu. Na nyie mnaochimba panya shambani, sisemi muache kula, tumekulia hapo. Ila usimchune kwa vidole vyenye nyufa. Vaa glovu, na ukizivua zigeuze ndani nje kuanzia kwenye kifundo cha mkono, kisha nawa. Homa ikikushika wahi kituoni, umwambie daktari ulikuwa bondeni au ulishika panya, maana inafanana sana na malaria na dawa ipo.

Dada yangu, barakoa vaa kwa ajili ya vumbi, lakini ghala usilifagie kavu. Lowesha kwanza kwa maji yenye klorini. Mabuti nayo yajaze maji kabla hujayavaa uone kama yanavuja. La kwangu la kushoto lilikuwa limetoboka kisiginoni.