Jibu: Kwa nini ombi letu halikujadiliwa bungeni Kisumu

Ndugu, umeuliza mbona ombi lenu la mitaro ya soko lilisomwa tu, kisha bunge la kaunti likaendelea na mambo mengine. Hapo hakuna aliyewapuuza. Ombi halijadiliwi siku linapowasilishwa.

Ratiba ya kikao huanza na sala, halafu taarifa za spika, maombi ya wananchi, hati za kuwekwa mezani, notisi za hoja, kauli za wanachama, kisha hoja na miswada. Ombi likishasomwa spika hulipeleka kwa kamati husika, ambayo kwa kawaida hupewa siku 60 kuleta ripoti. Kwa hiyo ulizeni kwa karani wa bunge ni kamati ipi imelipokea, na lini itawaita. Kamati ndiko kazi inakofanyika. Ukumbini mnaona siwa, yaani rungu la heshima la bunge, na makoti tu.

Mkiitwa, nendeni na picha, tarehe na nakala za barua mlizokwisha kuandikia idara. Maombi mengi hukwama kwa sababu waliotia sahihi hawakuandika nambari za kitambulisho, hayasemi iwapo jambo liko mahakamani, au yanalalamika bila kutaja bunge lifanye nini hasa. Mengine yanahusu barabara kuu au polisi, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Mitaro na masoko ni ya kaunti, hapo mko sawa.

Jambo lingine: akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa ili kikao kiendelee, ni theluthi moja ya wanachama wote. Wasipotimia, kikao huahirishwa na shughuli zenu husogea.