Kipeperushi cha Sheria ya Mazingira Kinachomfaa Mwenye Gereji

Kwa miaka niliyofanya kazi ya mazingira katika halmashauri, na baadaye nikiwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam kujiandaa kwa ukaguzi, vipeperushi na miongozo mingi ya serikali imepita mikononi mwangu, na mingine nimeshiriki kuiandika. Nimefikia msimamo mmoja ambao ningependa maofisa wenzangu waupime. Mfanyabiashara hutekeleza kanuni pale anapoelezwa kwa vitu vya kazi yake mwenyewe. Ukimpa muhtasari wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ataupokea kwa heshima, ataukunja na kuuweka chini ya kaunta; ukimweleza pipa lake la taka likae wapi na nani aruhusiwe kulichukua, ataanza kulisogeza kabla mkaguzi hajafika.

Tukumbuke katazo la mifuko ya plastiki. Lilitangazwa bungeni na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa mwezi Aprili 2019 na likaanza kutekelezwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo, kwa hiyo muda wa kuelimisha ulikuwa mfupi sana. Kila mtu alijua kwamba rambo imepigwa marufuku. Jambo lililowatesa wauzaji lilikuwa la ndani zaidi, kwa sababu kanuni zilikataza mifuko ya kubebea bidhaa lakini zikaruhusu vifungashio vya plastiki kwa mahitaji kama dawa, vyakula vilivyosindikwa na pembejeo za kilimo. Muuza karanga alitaka kujua yuko upande gani, na mwenye bucha naye vilevile. Katika hali kama hiyo, maelezo ya umuhimu wa mazingira hayamsaidii muuzaji hata kidogo. Anahitaji ukurasa mmoja wenye picha za bidhaa zinazouzwa katika soko lake, na chini ya kila picha neno moja: inaruhusiwa au hairuhusiwi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mifuko mbadala iliyoingia sokoni baadaye, ile laini inayofanana na kitambaa, ambayo ilitakiwa isipungue uzito wa gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Kipimo hicho ni sahihi na kina sababu yake, kwani mfuko mwepesi kuliko hapo huchanika baada ya matumizi machache na kurudi kuwa taka ileile tuliyoikimbia. Lakini mwenye duka la jumla hana mizani ya kupimia kitambaa. Mwandishi wa kipeperushi ndiye mwenye wajibu wa kugeuza kipimo cha maabara kuwa kitendo cha dukani, yaani amwelekeze muuzaji atafute nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na jina la mzalishaji kwenye mfuko, adai risiti kwa aliyemuuzia, na aitunze. Mfanyabiashara aliyeshika risiti anaweza kumwonyesha mkaguzi bidhaa imetoka wapi, na mazungumzo yao yataanza mahali pazuri zaidi.

Gereji ndizo zilizonifundisha mengi kuliko biashara nyingine yoyote, kwa kuwa huko taka hatarishi hukaa katikati ya watu wanaofanya kazi kwa kasi katika eneo finyu. Rasimu moja tuliyoipeleka kwa mafundi kabla ya kuichapisha ilisema kwamba oili iliyotumika ihifadhiwe katika chombo stahiki na kutupwa kwa mujibu wa kanuni. Fundi mmoja aliisoma kwa sauti, akafuta mikono kwa tambara, kisha akatuuliza: “Sasa ofisa, chombo stahiki ndiyo kipi, na nikitoka hapa naipeleka wapi?” Sentensi ile tuliiondoa yote. Badala yake tukaandika kwamba oili chafu iwekwe kwenye pipa la lita 200 lisilovuja na lenye kifuniko, likae chini ya paa, juu ya sakafu ya zege, mbali na mtaro wa maji ya mvua. Kwamba isichanganywe na petroli, maji wala tindikali ya betri, kwa sababu iliyochanganywa ni vigumu kuichakata upya na haina soko. Kwamba akabidhiwe mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi pekee, na fundi abaki na karatasi inayoonyesha ni lita ngapi zilichukuliwa, lini na nani. Maelezo hayo ni marefu kuliko sentensi ile ya kwanza, na kila kipande chake ni kazi inayofanyika.

Upande wa betri mbovu, sipendekezi kuficha ukali wa jambo. Kipeperushi kieleze waziwazi kwamba betri isipasuliwe, isilazwe ubavu, na maji yake yasimwagwe chini, kisha kiseme kwa nini. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na sumu ya madini ya risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido alipigania haki yao kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fundi anayejua kisa hicho haoni tena suala la betri kama usumbufu wa ofisi, kwa sababu watoto wake mwenyewe huja gereji wakitoka shule.

Lipo pia suala la lugha ya sheria. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kanuni nyingi za mazingira tunazozitumia ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwa mwenye biashara kipeperushi ndicho mlango wake wa kwanza wa kuzifikia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1996 inayozitaka taasisi za serikali kuu zitoe miongozo ya lugha nyepesi kwa biashara ndogo kila zinapotunga kanuni yenye athari kubwa kwao. Ningefurahi kuona wajibu kama huo ukiwekwa hapa kwetu, ili mwongozo utoke pamoja na kanuni badala ya kusubiri bajeti ya maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni.

Nawasihi wanaoandaa machapisho haya waweke tarehe ya toleo kwenye ukurasa wa mbele. Kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira za mwaka 2005 zilirekebishwa mwaka 2018, na namna ya kupanga miradi katika makundi ikabadilika. Anayesoma mwongozo wa zamani anaweza kulipia kazi isiyomhusu au kuacha inayomhusu. Ada nazo hubadilika, na kwa sababu hiyo ni bora kumwelekeza msomaji kwenye ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kuliko kuchapa kiasi ambacho baadaye kitamgombanisha na karani.

Usambazaji una uzito sawa na uandishi. Maboksi yanayoachwa mapokezi katika ofisi ya wilaya hubaki huko. Mimi hupeleka nakala kwenye maduka ya spea, kwa sababu kila fundi hupita pale karibu kila siku, na humwomba mwenye duka aibandike moja ukutani karibu na anapopimia oili. Ofisi ya serikali ya mtaa hufuata, kisha makundi ya WhatsApp ya mafundi, ambako picha moja yenye maandishi makubwa husomwa kuliko faili la kurasa nyingi.

Hatimaye, anayegawa kipeperushi asiongozane na anayetoza faini siku ileile. Nimeona mafundi wakifunga milango kwa sababu gari lililoleta elimu lilikuja pia na kitabu cha stakabadhi. Halmashauri itangaze muda wa elimu na tarehe ya kuanza ukaguzi, iziandike zote mbili kwenye kipeperushi chenyewe pamoja na namba ya simu ya ofisa atakayejibu maswali, na simu hiyo ipokewe.