Bampa la chuma kwenye Vigo: msimamishe fundi kabla hajakata vishikizo vya rejeta

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Una Hilux Vigo ya 3.0 dizeli, umenunua bampa la chuma lenye kitanda cha winchi (ile mashine ya kamba ya kuvutia gari likikwama), fundi amelijaribishia akakuta linagusa kondensa ya AC, ile inayokaa mbele ya rejeta kupoza gesi. Sasa anataka kukata vishikizo vya rejeta airudishe nyuma sentimita mbili tatu. Mwambie asikate. Kinachotakiwa kusogea ni bampa, tena liende mbele. Nitaeleza kwa kirefu, maana nimeona mafundi hodari kabisa wa kuchomelea wakifanya hivyo hivyo, na anayeumia baadaye ni mwenye gari.

Kwanza angalia kila kitu kimefungwa wapi. Bampa la chuma linafungwa kwenye ncha za chesisi. Rejeta na kondensa havijafungwa kwenye chesisi, vimeshikwa na fremu ya mbele ya bodi, na bodi nzima imekaa juu ya chesisi kwa mipira. Gari ikiwa imetulia kwenye sakafu ya gereji utadhani vyote ni kitu kimoja. Ingiza gurudumu moja kwenye shimo uone: chesisi inajipinda, mipira inabonyea, bodi inacheza kivyake. Bampa linaifuata chesisi, rejeta inaifuata bodi. Kwa hiyo ile nafasi mliyopima gereji siyo nafasi mtakayokuwa nayo porini.

Mimi kazi yangu ni magari ya kambi huku Arusha, na njia zetu ni kama Naabi kwenda Seronera kule Serengeti, au Mto wa Mbu kuelekea Engaresero na Ziwa Natron. Barabara zenye mikunjo kama bati, saa nzima gari inatetema bila kupumzika. Kondensa nilizoziona zimeharibiwa na bampa hazikuharibika kwa kugongwa mara moja. Zilisuguliwa. Rangi ya bampa inatoka kwanza, halafu mapezi ya alumini (vile vibati vyembamba vya kupozea) yanalala na kung'aa, halafu mrija unatoboka na gesi inaisha. Dereva analalamika AC haipozi, anapelekwa kujaza gesi, wiki inayofuata imekwisha tena. Hakuna aliyeinama kuangalia kule mbele.

Ninachosisitiza ni nafasi ya milimita 25 kati ya chuma chochote cha bampa na kondensa, na hicho ndicho kiwango cha chini. Kwa gari ya safari mimi hupenda ifike 35. Hapo nahesabu kila kitu: honi, kichwa cha bolti, nyaya za taa, mota ya winchi. Mara nyingi hata si bampa linalogusa, ni honi iliyohamishwa ikafungwa popote palipopatikana. Na kama Vigo yako imetembea sana, angalia mipira ya bodi ya mbele kabla ya kupima. Ikiwa imekufa, bodi imeshuka na inacheza zaidi, basi vipimo vyote mtakavyochukua vitadanganya.

Sasa kwa nini rejeta isirudi nyuma. Injini yako hiyo ya 3.0, yaani 1KD, inazungusha feni yake yenyewe kwa mkanda, na feni ile imekaa ndani ya kava lake, karibu na rejeta kwa kipimo cha kiwandani. Injini nayo iko juu ya mipira yake. Ukifunga breki ghafla au ukidondokea korongo, inasukumika mbele pamoja na feni. Ukiwa umekula sentimita mbili za nafasi hiyo, panga za feni zinaichana rejeta. Kwenye maji ndiyo hatari zaidi: ukivuka mto wenye kina, panga zinasukuma maji, nazo zinapinda kuelekea mbele. Ndiyo maana wapo madereva wanaotoka mtoni salama halafu ng'ambo wanakuta maji ya rejeta yanamwagika chini. Na rejeta ya Vigo ni ya alumini yenye matenki ya plastiki. Si kama zile za shaba za Land Cruiser za zamani ambazo fundi rejeta aliweza kuzichomelea risasi kijijini ukaendelea na safari.

Kulisogeza bampa mbele si kazi kubwa. Toa vishikizo vyake vinavyokaa kwenye chesisi, ongeza vipande vya bamba zito vilivyokatwa kwa kipimo na kutobolewa vizuri. Usikubali kupangiwa washa (zile pete za bolti) tano tano kujaza nafasi. Washa zikipangwa hivyo zinalegea, na bolti inabeba mzigo ikiwa imeinama. Bolti ziwe zenye maandishi 8.8 kichwani au zaidi, nati mpya, na zikazwe kwa spana ya kipimo. Ukishatembea kama kilomita 500, zirudie zote.

Kabla hata ya kuongeza bamba, angalia ni sehemu gani hasa inayogusa. Kwenye mabampa mengi ya kitanda cha winchi ni ule ukingo wa nyuma wa kitanda, uliokunjwa kwenda juu. Kama haubebi bolti za winchi, unaweza kupunguzwa kwa grinda na shida ikaishia hapo. Lakini bamba lenyewe ambalo winchi inafungwa usiliguse, maana pale ndipo gari nzima inaponing'inia ukivutwa kutoka kwenye tope.

Kazi yote ya kukata na kuchomelea ifanyike bampa likiwa chini, mbali na gari. Cheche za grinda zinaingia kwenye mapezi ya kondensa. Ikilazimu kuchomelea kwenye gari, toa nyaya za betri kwanza na ufunike mbele yote. Na usimruhusu mtu kufungua mabomba ya AC ili apate nafasi ya kufanyia kazi, gesi ina fundi wake.

Jambo la pili ambalo hukuuliza lakini litakusumbua ni hewa. Bampa la kiwandani ulilolitoa lilikuwa na plastiki za pembeni na za chini zinazoelekeza upepo uingie kwenye rejeta. Wengi wanazitupa. Upepo unakimbilia palipo rahisi, unapita kando ya rejeta na chini yake badala ya kupita katikati ya mapezi. Gari ikisimama kwenye foleni au ikipanda mlima polepole, hewa ya moto ya injini nayo inapata njia ya kurudi mbele, rejeta inaivuta tena ikiwa moto vilevile. Rudisha hizo plastiki zikikubali. Zisipokubali, kata mpira mzito au bamba jepesi la alumini uzibe mianya ya pembeni na juu. Ni kazi ya nusu siku, na kwa maoni yangu ina faida kuliko kununua feni ya umeme ya kuongezea.

Vilevile usiweke namba ya gari wala taa kubwa katikati ya tundu la hewa. Feni yako ina klachi yenye springi ndogo mbele, inayosikia joto la hewa inayopita katikati ya rejeta ndipo iishike feni vizuri. Ukiziba pale katikati umepunguza upepo, na hiyo springi nayo inasoma vibaya. Taa ziende pembeni au juu ya paa. Una bahati kwamba intakula ya Vigo, ile inayopoza hewa ya turbo, iko juu ya injini, inapata upepo wake kwenye tundu la boneti. Mwenye Ford Ranger ya 3.2 yake iko mbele, kwa hiyo bampa baya linamnyima hewa mara mbili.

Ukishafunga, jaribu hivi. Bandika madonge ya plastisini, zile za watoto wa shule, upande wa ndani wa bampa mahali palipo karibu zaidi na kondensa. Yatokeze kwa milimita 20 hivi. Peleka gari kwenye barabara mbovu kweli ikiwa na mzigo, kisha uyaangalie. Yakiwa yamebonyezwa, bampa bado liko karibu mno.

Halafu tafuta mlima. Sisi huku tunatumia ule mwinuko wa Mto wa Mbu kupanda Karatu. Ukiwa njia ya Iringa, Kitonga inatosha. Panda mchana, AC imewashwa, gari imebeba. Usiitegemee geji ya dashibodi pekee, kwa sababu mshale wake unakaa katikati hata joto likipanda kiasi kikubwa, na ukianza kuinuka umeshachelewa. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, usome joto la maji kwa namba. Ila kabla ya kufunga bampa jipya, rudisha kwa muda lile la zamani, upande nalo mlima huohuo, uandike namba. Bila hiyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Uzito nitaugusa tu: bampa na winchi pamoja ni kama kilo 100 mbele ya ekseli, springi za mbele za kawaida zitalala. Panga bajeti ya springi ngumu zaidi na shokabu zake. Na kama gari ina earbagi (mifuko ya hewa ya ajali), sensa za mbele zibaki mahali pake zikiangalia mbele kama zilivyokuwa.

Nipe picha ya upande wa chini ukiwa umelipachika, na uniambie kama gia ni za otomatiki. Kama ndiyo, mafuta ya giaboksi yanapozwa na rejeta hiyohiyo, na kwa bampa lenye winchi ningependa tuone mabomba yake yanapita wapi kabla fundi hajakaza bolti ya mwisho.