Kura Mombasa: ulinzi uwekwe mlangoni au kwenye kuhesabu?

Mwenye uzi ameuliza kura italindwa vipi isiibiwe, na wakati huo huo bibi yake wa Likoni asirudishwe nyumbani eti mashine haikusoma vidole vyake. Akamalizia kwamba yeye 2027 hapigi kura, maana "wenyewe wanamjua mshindi kabla". Wengi wamemjibu kwa siasa. Mimi nitajibu kama mtu aliyekaa ndani ya chumba. 2017 nilikuwa karani wa kituo kisiwani, na 2022 nikawa ajenti wa mgombea upande wa Kisauni. (Msiniulize mgombea gani. Alishindwa.)

Msimamo wangu niuseme mapema. Nguvu nyingi tunazimaliza kumkagua mpiga kura akiingia, ilhali wizi tunaoulalamikia kila baada ya miaka mitano mara nyingi hudaiwa kutokea baada ya saa kumi na moja jioni, masanduku yakishafunguliwa na matokeo yakianza safari. Ukaguzi wa mlangoni huulipia mwananchi, kwa jua na foleni. Ukaguzi wa hesabu haumpunguzii mpiga kura hata dakika moja.

Mashine zenyewe hazikuja bure. Baada ya uchaguzi wa 2007 Tume ya Kriegler, iliyoundwa kuuchunguza, ilisema uchaguzi ule uliharibika kiasi kwamba hakuna awezaye kujua nani alishinda, na sajili ilikuwa imejaa marehemu. Ndipo tukaingia kwenye vidole. 2013 mitambo ikazimika sehemu nyingi siku yenyewe, watu wakarudi kwenye karatasi. 2017 zikaja KIEMS, mashine za kusoma vidole na kutuma matokeo, na hapo lazima niwe mkweli: zimesaidia. Mtu kuja kupiga kura ya ndugu yake aliyezikwa si rahisi tena.

Ila vidole vya Mombasa ni vidole vya kazi. Aliyebeba magunia bandarini miaka nenda miaka rudi, aliyepara samaki, mama aliyekuna nazi na kufua tangu usichana, alama zimekwisha. Mzee mmoja wa aina hiyo alisimama mbele yangu 2017. Nikamfuta kidole cha shahada kwa kitambaa, mashine ikakataa. Dole gumba, ikakataa. Tukahamia mkono wa pili, huku foleni nyuma imeanza kunguruma na ajenti mmoja amenyanyuka kitini kana kwamba amekamata mwizi. Mzee akanitazama akasema, "Mwanangu, nikuletee na miguu?"

Sasa sikilizeni utaratibu, kwa sababu huu ndio jibu la bibi wa Likoni. Mashine ikikataa, ajenti wote huitwa washuhudie, Fomu 32A hujazwa mbele yao, mtu hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho au kwenye sajili iliyochapishwa, akipatikana anapewa karatasi zake sita kama mwingine yeyote. Harudishwi. Yule mzee alipiga kura. Lakini nimeona pia, kituo sikitaji, mama akiambiwa "rudi baadaye" na karani aliyechoka kubishana na ajenti. Baadaye ipi kwa mtu aliyeacha mboga zake kwa jirani?

Ajenti nao siwalaumu sana. Wamefundishwa kwamba kila Fomu 32A ni kura ya bandia. Ningepewa nafasi, ningeagiza idadi ya waliopita kwa njia hiyo isomwe kwa sauti kituo kinapofungwa na ibandikwe mlangoni pamoja na matokeo. Watu wakiona ni wachache kati ya mia saba (ndiyo kikomo cha kituo kimoja), na kila jina lilishuhudiwa, kelele itapungua na karani hatakuwa na sababu ya kumfukuza mtu.

Kuna mlango mwingine ambao hapa Pwani tunaujua zaidi kuliko Wakenya wengi, nao ni kitambulisho. Bila kitambulisho au pasipoti hujisajili. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa raia 2016, Wapemba 2023, na ni watu ambao babu zao wamezikwa hapa. Kijana wa Mji wa Kale akiulizwa hati za babu yake wakati mwenzake wa bara haulizwi, kura yake imeshapotea kabla sanduku halijaletwa. Hilo nalipita haraka kwa sababu linastahili uzi wake.

Turudi kwenye kuhesabu, ndiko kwenye mambo. Asubuhi masanduku huonyeshwa yakiwa matupu, yakafungwa sili, na nambari za sili zikasomwa. Ajenti mwenye akili huziandika, kwa sababu jioni ndizo atakazolinganisha. Kura ya urais huhesabiwa kwanza. Msimamizi wa kituo hufunua karatasi moja moja, hutaja jina, huigeuza upande wa ajenti waione, ndipo huiweka kwenye fungu. Ukitilia shaka una haki ya kuomba ihesabiwe upya, mpaka mara mbili. Halafu Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, inajazwa, mnatia sahihi, ukikataa unaandika sababu. Kila ajenti anapewa nakala, nyingine inabandikwa mlangoni, na picha yake inatumwa kwa KIEMS.

Nakala ile ya mlangoni ndiyo kufuli yenyewe. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, makao makuu ya Tume ya Uchaguzi (IEBC) kule Nairobi hayana ruhusa ya kuyachezea. Miezi michache baadaye, Septemba 1, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta uchaguzi wa urais. Waliofikiri ilisema kura ziliibwa hawakuisoma. Mahakama ilishika njia: mshindi alitangazwa kabla ya fomu zote za vituo kufika, baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, na Tume ilipoamriwa kufungua seva haikufungua ipasavyo. Vidole vyote tulivyovifuta mlangoni havikusaidia kitu, kwa sababu upande wa pili ulikuwa giza.

2022 Tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti, vituo 46,229, na kila mwenye simu akawa mhesabuji. Kijiweni kwetu vijana walikesha na kahawa wakijumlisha. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kituo changu, nikalinganisha na nakala niliyotia sahihi: tarakimu zile zile, hata ule mkwaruzo wa kalamu ya msimamizi. Mgombea wangu ameshindwa na mimi nimeridhika. Ndiyo, makamishna wanne wa Tume waliyakana matokeo ya urais kule Nairobi, na hilo liliwatia watu wasiwasi mkubwa. Lakini kesi ilipofika mahakamani kulikuwa na cha kushika. Mahakama ya Juu iliagiza masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kuhesabiwa upya, baadhi vikiwa hapa hapa kwetu, Mikindani kule Jomvu na Majengo kule Mvita. Haikutoka tofauti ya kubadilisha matokeo. Mtu wa Majengo hakuhitaji kuambiwa aamini. Sanduku la mtaani kwake lilifunguliwa.

Sasa, mwaka huo huo sisi wa Mombasa tukaonjeshwa upande mwingine. Agosti 8, siku moja kabla ya kura, ikagunduliwa kwamba karatasi za ugavana wa Mombasa na Kakamega zina picha zisizo zenyewe. Uchaguzi wa gavana ukaahirishwa hadi Agosti 23, ukaahirishwa tena, ukafanyika Agosti 29. Kuahirisha mara ya kwanza hakukuwa na budi, huwezi kumpa mtu karatasi yenye sura nyingine. Lakini kufikia tarehe 29 waliosafiri kuja kupiga kura walikuwa wamesharudi makazini, waliobaki wamechoka, na waliojitokeza wakapungua waziwazi. Abdulswamad Nassir alishinda, na simpunguzii ushindi wake. Ninachosema ni kwamba bunda moja la karatasi zile lingefunguliwa mbele ya wagombea wiki moja kabla, kosa lingeonekana mapema. Tunayo maaskari wa kulinda lori la karatasi, hatuna mtu wa kuzitazama.

Na wewe unayesema hupigi, nikuulize: kituoni kwenu ajenti wa mgombea unayempenda alikuwa nani? Maana nimeona vyama vikubwa vikileta kijana saa kumi na mbili asubuhi bila chai wala maelezo, kufikia magharibi ameshaondoka, na fomu inatiwa sahihi na waliobaki. Kisha kesho chama kile kile kinalia kuibiwa. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Nenda ukaombe uajenti, na chama kikikupa, dai ulipwe na ulishwe mpaka usiku wa manane, kwa sababu ndipo kazi inapoanza.

Kuhusu bibi. Mpeleke mapema, wazee huruhusiwa kutangulia foleni. Achukue hati ile ile aliyojisajilia, si nakala. Kama haoni vizuri au hajui kusoma, ana haki ya kuchagua mtu wa kumsaidia kuweka alama, na uwe wewe. Utaapa kutunza siri yake na kujaza Fomu 32. Huruhusiwi kusaidia zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo jirani yake naye aje na mjukuu wake. Na ukiwa umeshakuwa ajenti, kumsaidia huwezi, itabidi mdogo wako aliyetimiza miaka kumi na minane ndiye aende naye. Bibi akija peke yake, msimamizi wa kituo ndiye atakayemwekea alama mbele ya ajenti wote. Itahesabiwa, lakini chumba kizima kitajua bibi amempa nani, na mtaani Likoni habari hiyo itafika kabla yeye hajavuka barabara.