Baa imebadilisha meneja tena, nipeleke watu?
Mkuu, umeuliza kama bethdei ya shemeji uifanyie palepale Sinza maana uongozi umebadilika tena. Mi nimekunywa pale enzi za mameneja watatu. Wa kwanza kitimoto kilikuwa kinakuja cha moto na ndizi zake, bia chupa inatoka jasho, wa pili akaleta dijei na taa za bluu, bili ikawa inakuja na bia mbili hakuna aliyeziagiza, wahudumu wazuri wote wakasepa. Huyu wa sasa ana afadhali ila jiko linasuasua, juzi nusu kilo ya kitimoto nimeisubiri karibu lisaa zima. Nenda kwanza Jumanne hivi, agiza kidogo, chungulia choo, muulize dada wa kaunta kama mpishi wa zamani karudi. Hajarudi? Peleka watu kwingine, na popote utakapoenda vizibo vya bia vibaki mezani mvihesabu wenyewe bili ikija.